Jumamosi za Ipswich

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja kisigino cha kiatu. Ofisi ya safari iliyoniajiri ilikuwa ghorofa ya pili, Matrah, nyuma ya soko, na ngazi zake zilikuwa nyembamba zenye mwinuko mkali. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili niliyetaka kuonekana mtu wa ofisini, kwa hivyo niliazima viatu vya dada yangu, virefu na vya kubana. Kwenye ngazi ya mwisho kisigino kiliniaga. Niliingia kwa Meneja Mkuu nikichechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Meneja Mkuu alikuwa mzee wa Kiomani aliyezaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha polepole, kila neno limesimama peke yake. Hakucheka. Alinionyesha kiti, kisha akanyoosha kidole ukutani, ambako saa kubwa zilitundikwa ubavu kwa ubavu, moja ya Maskati na nyingine ya London.

"Binti," alisema, "hiyo ya Maskati kila mtu anaijua. Hiyo ya London ndiyo kazi yako. Mteja akishapanda ndege, wewe unaishi saa yake mpaka arudi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bwana."

"Hujanielewa. Lakini utanielewa."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa wazee. Nimekaa katika kazi hiyo miaka thelathini na sita, na sasa nimestaafu, niko nyumbani Khuwair ya Kusini, na nnaandika haya kwa ajili ya vijana wanaoingia katika kazi ya kuwasafirisha watu. Wao wana kompyuta zinazofanya kwa dakika moja tuliyokuwa tukiyafanya kwa siku nzima. Lakini kuna mambo kompyuta haiyajui, na moja katika hayo mimi nililijua vizuri mno.

Wakati wetu tiketi iliandikwa kwa mkono, kurasa kadhaa zenye wino mwekundu wa kunakilia nyuma yake, na ukikosea herufi moja ya jina unaitupa yote. Nafasi za ndege tuliziomba kwa teleksi, mashine iliyopiga kelele chumba kizima na kutema karatasi ndefu. Unatuma asubuhi, jibu linakuja kesho yake: nafasi ipo, au jina limewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Halafu ilikuwapo vocha, karatasi ambayo mgeni huitoa hotelini kuonyesha kwamba chumba chake kimeshapangwa. Nilizipenda vocha. Nilikuwa nikiandika jina la mtu wa Sib au la mtu wa Nizwa juu ya karatasi, na huko mbali asikokujua mtu, mlango unafunguliwa kwa jina lile nililoliandika mimi. Nilijiona mkubwa sana.

Mwaka huo huo wa kwanza nilijifunza kitu ambacho hakikuwa katika kitabu chochote cha kazi. Tulikiita tiketi ya mgonjwa. Wale waliokulia katika nyumba zetu wanaijua desturi hii: mtu aliyeko ugenini haambiwi msiba. Akifiwa, huambiwa kuna mgonjwa, njoo, na ukweli huupata akishafika mikononi mwa watu wake. Basi akija mtu ofisini, macho mekundu, akasema, "Nnataka nafasi ya haraka ya ndugu yangu, babake mgonjwa," hatukuuliza ugonjwa gani. Tulijua mzee ameshazikwa au anaoshwa saa ile. Tulitafuta nafasi, na mara nyingi tuliombwa tupige simu sisi wenyewe, kwa sababu jamaa walikuwa hawawezi kusema bila kulia.

Mara ya kwanza Meneja Mkuu alininyooshea simu mimi. Upande wa pili alikuwa kijana anayesomea udaktari huko Uingereza. Nikamwambia baba yake amepata homa, nafasi ya ndege iko tayari, asiwe na wasiwasi. Nilisema kwa utulivu kama nnayesoma ratiba. Nilipoiweka simu chini Meneja Mkuu aliisogeza upande wangu wa meza.

"Sauti yako haitetemeki," alisema. "Kuanzia leo hii ni kazi yako."

Nilikuwa na umri wa kufurahia sifa yoyote. Nikafurahi.

Baada ya miaka tisa nilihamishiwa tawi la Ruwi, chini ya Msimamizi wa Tawi, bibi wa Kiunguja mwenye kupenda mambo yanyooke. Alikuwa akipita mezani kwetu na rula, anapima nafasi baina ya mistari ya barua. Tulimsema sana chooni, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kuandika ratiba ya safari. "Usimwandikie mtu 'tembelea mji,'" alikuwa akisema. "Mji una milango mingapi? Mwandikie ashuke wapi, apite mlango upi, akae upande gani. Mgeni akipotea, umempoteza wewe." Nilimchukia miaka miwili na kumpenda mitatu, kisha akastaafu, na mimi nikapelekwa ofisi mpya Khuwair, katika Kitengo cha Wanafunzi.

Huko ndiko Ipswich ilikoingia katika maisha yangu.

Mkuu wa Kitengo alikuwa bwana mmoja wa Kizanzibari, mwepesi, mcheshi, kanzu yake haikunjiki hata akiwa ametoka garini. Kazi ya kitengo ilikuwa kuwapeleka vijana Uingereza kwa kozi za Kiingereza za miezi mitatu kabla hawajaingia chuo. Siku moja aliniita akaniambia, "Bi Zuwena, siku tano za wiki watoto hawa wako skuli. Wanaharibikiwa Jumamosi na Jumapili. Hapo ndipo wanapokaa chumbani wakalia, au wakatafuta la kufanya wakafanya lisilofaa. Skuli inazo siku tano. Mbili zilizobaki nnakupa wewe."

Tuliichagua Ipswich kwa sababu hapakuwa na mtu anayeitaka. Wazazi walitaka London, au pwani ya kusini alikokwenda mtoto wa jirani. Wakija ofisini nikawatajia Ipswich wanakunja uso.

"Ipswich ndiyo wapi tena?"

"Mashariki ya London, saa moja na kitu kwa treni."

"Kuna nini huko?"

"Kuna Waingereza," nilikuwa nikiwajibu. "Mwanao anakwenda kusoma Kiingereza au anakwenda kukutana na watoto wa Khuwair?"

Mimi mwenyewe nilikwenda mara moja tu, safari ya ukaguzi, yaani ofisi inamtuma mtu wake akaone kwa macho yale anayowauzia wateja. Nilikaa siku nne na mvua ilinyesha tatu. Nilitembea na daftari langu na mwavuli uliopinduka. Niliona bustani yao kubwa yenye kilima na bata, na ndani yake nyumba ya zamani ya matofali mekundu imejaa picha za kuchora. Nilipanda treni ndogo mpaka Felixstowe, nikaona bahari yenye rangi ya chai ya maziwa, na watu wamekaa ufukweni juu ya kokoto wamefunga makoti hadi shingoni, wanakula viazi vya kukaanga na kusema leo kumechangamka. Mbele kidogo ya hapo, karibu na bandari, kuna mahali watu huja na viti vyao na chupa za chai, wakakaa mchana mzima kutazama meli za makontena zinavyopita. Nilicheka peke yangu. Kwetu meli hutazamwa na mwenye mzigo.

Siku ya nne jua lilitoka, nikaenda mji mdogo wa Woodbridge, dakika ishirini hivi kwa treni. Hapo pana kinu cheupe cha mbao ukingoni mwa mto. Kinasagishwa na bahari: maji yakijaa huingia katika bwawa lake, yakitoka huachiliwa polepole na kuzungusha gurudumu. Pembeni pana mabenchi. Nilikaa benchi moja nikala mkate wangu wa mayai, na nakumbuka nilisema moyoni kwamba mtoto mwenye ukiwa akiletwa hapa atapoa. Sikuwahi kuupenda mji wa watu kama nilivyoupenda ule. Ulikuwa mji usiojisifu, na watu wake walikuambia wenyewe kwamba hakuna cha kuona, kisha wakakupeleka kukionyesha.

Niliporudi nikaanza kuandika karatasi za Jumamosi. Kila mwanafunzi alipewa moja kila wiki: treni ya saa ngapi, kaa upande wa kulia utauona mto, vuka daraja la juu ya reli, Adhuhuri utaisali wapi, samaki uulize amekaangwa kwa mafuta gani kwa sababu maduka mengine hukaangia mafuta ya ng'ombe. Niliandika hata nguo za kuvaa. Mkuu wa Kitengo akinitania: "Bi Zuwena, bado kuwaandikia wakati wa kupiga chafya." Lakini vijana waliokwenda Ipswich walirudi na Kiingereza na habari za kusimulia, na wazazi wakaacha kukunja uso. Ukweli ni kwamba nilikuwa nnaona fahari. Nilikuwa nikikaa Khuwair, nikiitazama saa yangu na kutoa masaa matatu, na nikijua fulani sasa yuko kituoni, fulani sasa anapanda kilima.

Nasra alikuwa mmoja wao. Msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, kimya, aliyefiwa na baba yake mwaka mmoja kabla. Mama yake, Bi Thuraya, mjane aliyekaa Mawaleh, ndiye aliyemleta ofisini. Wiki mbili baada ya Nasra kuondoka, mama huyo alirudi kwangu peke yake, na bahasha ya hospitali chini ya kwapa.

"Bi Zuwena, nimekuja kwa jambo la siri," alisema. "Madaktari wameshanambia."

"Wamekwambiaje?"

"Wamenambia kama wanavyomwambia mtu asiye na la kufanyiwa."

Nilishika mkono wake. Nikasema, "Nimtafutie Nasra nafasi arudi?"

"Hata! Nasra asijue. Huyu mtoto tangu babake afe hajapata kucheka, na sasa kaanza. Nnamsikia kwenye simu. Mwache amalize kozi yake, yaani hiyo miezi mitatu tu, na mimi inshallah nitamngoja." Akainamisha kichwa. "Lakini Jumamosi hunipigia saa nzima, na sauti yangu imeanza kunisaliti. Mjazie Jumamosi zake, dada yangu. Mpeleke huko kwenye mabahari yako. Akipiga awe na haraka, anipe salamu mbili tatu, ende zake."

Ningeweza kukataa. Nilikubali kwa sababu mama ndiye aliyeomba, na kwa sababu ndiyo desturi yetu, na pia, niseme kweli, kwa sababu lilikuwa jambo nililolijua kulifanya. Hapakuwa na mtu Maskati nzima aliyeweza kuijaza Jumamosi ya Ipswich kama mimi.

Nikamwandikia Nasra karatasi ndefu kuliko za wenzake. Treni za asubuhi, marejeo ya jioni. Siku hizo mapumziko yetu yalikuwa yameshahamishwa kutoka Alkhamisi na Ijumaa kuwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo Jumamosi nilikuwa huru. Nikaanza kwenda Mawaleh kumtazama Bi Thuraya. Nilikuwa nikipita kwanza soko kuu la mboga, ambalo wakati ule lilikuwa huko huko, nnachukua mapera au makomamanga, kisha nnakwenda kukaa pembeni ya kitanda chake na nakala ya karatasi ya wiki ile mkononi.

"Sasa yuko wapi?" alikuwa akiniuliza.

Nnaangalia saa, nnatoa masaa matatu. "Sasa anashuka Felixstowe."

"Kuna baridi?"

"Kidogo."

"Kavaa koti?"

"Nimemwandikia avae."

Anafumba macho. Baada ya kitambo: "Na sasa?"

"Sasa amekaa anatazama meli."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda naye, Jumamosi baada ya Jumamosi, mama kitandani na mimi kitini. Picha zikija kwenye simu Bi Thuraya hakuitazama bahari wala bustani. Aliikuza sura ya mwanawe kwa vidole viwili mpaka ikajaa kioo chote, akasema, "Kanenepa. Alhamdulillahi." Mwanawe mwingine, Said, kaka yake Nasra, alikuwa akisimama mlangoni na kutusikiliza. Mara mbili alinisindikiza mpaka kwenye gari akaniuliza, "Bi Zuwena, kwani hatumwambii tu?" Na mara mbili nilimjibu kwamba amri ni ya mama yake.

Jumamosi ya kumi nilikuwa sokoni nnachagua makomamanga simu ilipolia. Alikuwa Nasra. Huku ilikuwa saa tano, huko saa mbili ya asubuhi.

"Bi Zuwena, samahani. Leo siendi safari."

"Kwa nini, mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi. Nna hamu na mama. Nataka nikae hapa chumbani nizungumze naye kwa raha. Kila wiki nnampigia mbiombio, nnaona kama simsikii vizuri."

Nilisimama pale baina ya makreti, watu wananipita na mikokoteni. Wiki ile Bi Thuraya alikuwa hazungumzi ila kwa kunong'ona. Nilijua Nasra akiisikia sauti ile ataelewa papo hapo, na kozi imebakia wiki mbili, na ahadi nimeshaitoa. Nikaitumia sauti yangu isiyotetemeka.

"Mama yako leo hayuko," nilimwambia. "Kenda Nizwa harusini, na huko simu haishiki vizuri. Wewe nenda Woodbridge kama nilivyokuandikia, ukaone kinu. Utampigia jioni."

"Jioni ya huku?"

"Jioni ya huko. Nenda, treni yako ya saa tatu."

"Haya, Bi Zuwena. Nakushukuru."

Nilinunua makomamanga yangu nikaenda. Nilipoingia chumbani nilishtuka. Bi Thuraya alikuwa amekaa. Alikuwa ameogeshwa, amefungwa leso ya njano kichwani, ameegemea mito, macho maangavu. Sauti yake ilikuwa imerudi. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. Said alikuwa akicheka kwa furaha. Nimeuguza wagonjwa watatu tangu hapo, na sasa nnaijua siku ya namna ile na maana yake. Siku ile sikuijua. Nilidhani amepata nafuu.

Akaniuliza, "Hajapiga?"

Ilikuwa saa saba mchana.

"Bado yuko kwenye treni," nikasema.

"Leo nnaweza kuzungumza naye," alisema. "Leo ningezungumza naye saa nzima."

Said akatoa simu yake. "Nikupigie, mama?"

Aliitazama simu ile. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, nitamtoa kwenye raha yake. Mwache. Akipiga mwenyewe nitapokea."

Na mimi nilikaa pale, mkoba juu ya mapaja, simu ndani ya mkoba. Nilikuwa mtu pekee duniani anayejua kwamba mtoto anamtaka mama na mama anamtaka mtoto saa ile ile. Nilihitaji kusema maneno machache tu. Sikuyasema. Mmeniuliza kwa miaka kwa nini, wale mnaoijua habari hii, na nimetoa majibu mengi ya heshima kuhusu ahadi na desturi. Jibu lenyewe ni kwamba niliogopa kuumbuka. Nilikuwa nimemwambia mtoto mama yuko Nizwa. Nikimpigia sasa nikasema huyu hapa, atajua nilimdanganya, na akijua hilo atauliza la pili na la tatu. Nikajipa moyo kwamba kuna kesho. Nikamenya komamanga.

Baada ya Alasiri Bi Thuraya alisema amechoka, akalazwa. Aliondoka Magharibi ikiadhiniwa. Huko ilikuwa kama saa kumi kasoro robo, na kwa mujibu wa karatasi yangu Nasra alikuwa madukani.

Said alininyooshea simu, kama Meneja Mkuu alivyoninyooshea zamani. "Bi Zuwena, wewe ndiye unayejua kusema," aliniambia, akaenda kukaa ukumbini, uso mikononi.

Nikapiga. Nikasema, "Nasra, mwanangu, mama kapata homa kidogo. Nimekutafutia nafasi, unaondoka kesho asubuhi."

"Si umenambia yuko harusini Nizwa?"

"Kaumwa huko huko."

"Nipe nizungumze naye."

"Kalala," nikasema. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba chake, wanawake wanamnyoosha viungo.

Tulimzika asubuhi. Jioni tulikwenda kiwanja cha ndege kumpokea Nasra, mimi na Said. Alitoka akisukuma sanduku lake, amevaa koti nililomwandikia avae. Alimtazama kaka yake usoni, na hakuhitaji kuambiwa. Aliuliza tu, "Lini?"

"Jana Magharibi," Said alisema.

Niliuona mdomo wake ukihesabu masaa. Alikuwa na mfuko mdogo wa karatasi mkononi, sabuni ya maua aliyomnunulia mama yake. Kisha akanigeukia mimi. Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya heshima, kama siku zote.

"Bi Zuwena," aliniuliza, "harusi ya nani?"

Nikalishika sanduku lake, nikalisukuma mpaka garini.

Hakusema nami tena. Niliendelea na kazi miaka mingine, na karatasi za Jumamosi niliendelea kuziandika, ingawa ya Woodbridge sikuiandika tena mpaka nilipoambiwa wanafunzi wanaiulizia. Simu za tiketi ya mgonjwa nilizikataa. Mkuu wa Kitengo alinibembeleza: "Nani ataweza kusema kama wewe, Bi Zuwena?" Nikamwambia aseme mwenye maiti, na akilia, alie, mwenzake asikie kwamba analia. Hakunielewa, na mimi sikuwa na uso wa kumweleza.

Siku niliyostaafu walinifanyia chai na keki, na ofisi ikanipa ile saa ya London iliyokuwa ukutani Matrah, imesafishwa, imetiwa betri mpya. Nimeitundika jikoni. Wanangu hunicheka, mama yuko Khuwair na anapika kwa saa ya Uingereza. Lakini kila Jumamosi mchana nnaitazama, na najua Meneja Mkuu alisema kweli kwamba sikumwelewa. Nilidhani kuishi saa ya mteja ni kujua yuko wapi. Mimi nilijua Nasra yuko wapi kila dakika ya siku ile, na nikayatumia maarifa hayo kumweka mbali na mama yake.

Nyinyi vijana mnaoanza, mtaombwa na nyinyi. Desturi haijafa kwa sababu simu zimekuwa za picha. Atakuja mama, au kaka, mtu mwenye haki na mwenye uchungu, awaambie mwacheni afurahi, asiambiwe. Siwafundishi kuwa wakali kwa wagonjwa. Nnawaambia tu niliyoyaona mimi, kwamba yule aliyeko ugenini ana haki yake pia, na hakuna aliyekaa ofisini kwangu siku ile mama yake alipokuja, kumwombea.

Mwezi uliopita, Jumamosi baada ya Adhuhuri, mlango uligongwa. Alikuwa Nasra. Mwanamke mzima sasa, mwalimu, mvi moja moja juu ya paji la uso. Nilimkaribisha, nikamtilia kahawa. Alitoa bahasha katika mkoba wake. Ndani zilikuwamo karatasi zangu zote kumi, zimekunjwa vizuri.

"Sikuja kukulaumu, Bi Zuwena," alisema. "Nimechoka kulaumu. Yangu nnayo, saa kwa saa. Najua nilikuwa wapi siku ile na nilikaa upande gani wa treni. Ya mama sina. Said hakumbuki, kila nikimuuliza analia. Niandikie yake."

"Nikuandikie?"

"Kama ulivyokuwa ukiniandikia mimi. Alifanya nini, saa ngapi."

Nikachukua kalamu na karatasi, nikakaa kwenye meza ya jikoni, chini ya saa ya London. Nikaandika jinsi nilivyomkuta, ameoga, ana leso ya njano, ameegemea mito mitatu, dirisha limefunguliwa nusu. Nikafika saa saba. Kalamu ilisimama. Mkono wangu ulikuwa umeshajua la kuandika, kwamba alikuwa amelala, hakuumwa, hakuuliza kitu. Lingekuwa neno la huruma, na ningeliandika vizuri, bila kufuta.

Nikaandika: Saa saba mchana aliuliza kama umepiga. Alisema leo angeweza kuzungumza nawe saa nzima. Nilimwambia uko kwenye treni.

Nikampa karatasi. Aliisoma amesimama. Alipofika hapo aliinua macho akaitazama saa ya ukutani, midomo yake ikihesabu kama siku ile ya kiwanja cha ndege.

"Saa saba ya huku," alisema, "kule saa nne."

"Ndiyo, mwanangu."

"Saa nne nilikuwa nimeshashuka. Nilikuwa kwenye benchi, pembeni ya kinu." Aliikunja karatasi taratibu, akaitia pamoja na zile kumi. "Simu nilikuwa nayo mkononi, Bi Zuwena. Nilikuwa nnangoja harusi iishe."